Raspberry Pi ya shule: mfumo gani utaamka salama umeme ukirudi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mufindi. Ndugu yangu anayeishi Uingereza ametuletea Raspberry Pi 4 ya GB 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Tunataka iwe seva ya chumba chetu cha kompyuta: wanafunzi wasome Wikipedia na masomo mengine bila bando, na walimu wahifadhi mitihani na alama mahali pamoja. Tuna kompyuta 18 na ruta moja. Kijana mmoja ananiambia niweke Ubuntu, mwingine Kali, wa tatu anaisifu Alpine, na video nyingi zinasema Raspberry Pi OS. Umeme wetu hukatika mara kwa mara. Niweke mfumo endeshi gani?

JIBU: Mwalimu, nianze na jibu fupi maana najua kengele ya kipindi haisubiri. Weka Raspberry Pi OS Lite ya biti 64. Hiyo Lite ni ile isiyo na madirisha ya kubofya. Ukichomeka skrini utakuta maandishi tu kwenye giza. Usitishike. Baada ya siku ya kwanza hutahitaji kuichomekea skrini tena.

Kilichoniamulia ni ile sentensi yako kuhusu umeme. Hao vijana wanabishana kuhusu mfumo upi una kasi na upi una jina. Kwa kompyuta 18 zinazosoma kurasa za Wikipedia, tofauti ya kasi kati ya mifumo hiyo hutaiona kwa macho. Utakachokiona ni Jumatatu asubuhi, umeme umekatika na kurudi mara nne mwishoni mwa wiki, darasa limejaa, na seva haiwaki.

Mimi hili nililijua kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilimfungia mwenye duka moja la dawa Raspberry Pi 3 ya kutunza orodha ya bidhaa zake. Niliweka toleo lenye madirisha kwa sababu alitaka aone kitu kwenye skrini. Skrini yenyewe ilikaa wiki mbili, ikahamishiwa kwenye king'amuzi. Baada ya miezi minne akanipigia: taa nyekundu inawaka, ya kijani imetulia tuli. Nilipoichomoa kadi na kuisoma kwenye laptopu, sehemu ndogo ya kuwashia ilikuwa nzima, sehemu ya mfumo ilikuwa makombo. Nakala ya orodha hatukuwa nayo, na hilo kosa lilikuwa langu.

Kadi ya SD haiandiki herufi mojamoja kama kalamu. Ndani yake kuna kidhibiti kidogo ambacho hufuta na kuandika upya fungu zima la data hata kama wewe umebadilisha neno moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kinachopotea si lazima kiwe kile ulichokuwa ukiandika. Kinaweza kuwa kitu cha jirani ulichokiweka mwaka jana na hujakigusa tangu hapo. Ndiyo maana jarida la ext4 (ext4 ni mpangilio wa faili wa Linux, na jarida ni daftari lake la mabadiliko), ambalo wataalamu hupenda kulitaja kama kinga, halitoshi hapa. Linalinda dhidi ya faili iliyoandikwa nusu. Haliwezi kulinda dhidi ya kadi iliyopoteza ilichoahidi kwamba imeshakihifadhi.

Basi mimi mfumo wa seva ndogo naupima kwa maswali mawili. La kwanza, je, naweza kuuzuia kabisa usiandike kwenye kadi? La pili, siku mwalimu akihamishwa, nani ataurekebisha? Wewe unaweza kupata barua ya uhamisho Januari. Atakayebaki na kile kiboksi atakuwa na simu yake na Google tu, na ujumbe wa kosa atakaoukuta inafaa uwe umeshaulizwa na kujibiwa na watu elfu kabla yake.

Kwa maswali yote mawili, ukoo wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, unashinda. Debian ipo tangu 1993, na Raspberry Pi OS ni Debian hiyohiyo iliyotiwa keneli (kiini cha mfumo) na mipangilio ya watengenezaji wa Pi wenyewe. Utakuta maelekezo ya zamani yanaiita Raspbian. Pi ya kwanza ya 2012 ilikuwa na prosesa ya ARMv6, wakati Debian ya ARM yenye kasi nzuri ya hesabu za desimali ilidai ARMv7, kwa hiyo watu wa kujitolea wakaijenga upya Debian nzima ili iingie kwenye kiboksi kile. Jina la sasa lilikuja 2020. Toleo la biti 64 lilitoka rasmi Februari 2022, na ndiyo maana video nyingi bado zinaonyesha biti 32. Pi 4 yako ni ya biti 64, na programu nyingi mpya za seva zinaanza kuiacha biti 32 njiani, kwa hiyo usirudi nyuma. Na ukikuta video inakwambia uingie kwa jina pi na pasiwedi raspberry, ujue imepitwa: tangu Aprili 2022 mtumiaji huyo aliondolewa, unamtengeneza wako mwenyewe.

Sasa vijana wako, nisiwadharau.

Wa Ubuntu hajakosea. Ubuntu Server 24.04 inaendeshwa vizuri kwenye Pi 4, na itapata masasisho ya usalama hadi 2029 bila kulipia. Ingekuwa ofisi yenye intaneti ya uhakika na fundi aliyezoea Ubuntu kwenye seva kubwa, ningesema sawa, weka. Kwako nina sababu mbili za kuiacha. Inakuja na snap, njia yake ya kuweka programu, ambayo hujisasisha yenyewe bila kuomba ruhusa. Unaweza kuizuia, lakini usipojua kwamba ipo itakumaliza bando usiku. Ya pili ni kero ndogo inayotisha mtu mgeni: ukiiwasha bila waya wa mtandao kuchomekwa, inaweza kukaa hadi dakika mbili ikiusubiri mtandao huo. Mwalimu wa zamu atadhani imekufa, atachomoa. Na kuchomoa ndiko tunakokukimbia.

Wa Alpine ndiye aliyenivutia, maana ana hoja ya kweli. Alpine inaweza kupakiwa yote kwenye RAM wakati wa kuwaka, kisha kadi haiguswi tena mpaka wewe uamue kwa amri ya `lbu commit`. Kwa umeme wa kwetu hiyo ni neema. Nimeitumia kwenye kituo kidogo cha kupimia joto la tangi na imekaa bila shida. Lakini Alpine imejengwa juu ya maktaba ya musl badala ya glibc ambayo Debian na Ubuntu hutumia, na haina systemd, inayowasha na kusimamia huduma kwenye Debian. Kwa lugha ya kawaida: programu iliyotayarishwa kwa ajili ya Debian inaweza kugoma, na maelekezo tisa kati ya kumi utakayoyapata mtandaoni hayatafanana na unachokiona. Na ukisahau ile `lbu commit`, kazi ya mchana kutwa inayeyuka. Mwenzako atakayerithi seva hatakusamehe.

Kali ni mfumo wa watu wanaopima usalama wa mitandao, umejaa zana za kuvunjia milango. Kutunzia alama za wanafunzi hapana. Huyo kijana mwambie naye namsalimu.

Upo mmoja ambao hawakukutajia, DietPi. Nao ni Debian, umepunguzwa uzito, na tangu mwanzo huweka kumbukumbu zake za mfumo kwenye RAM badala ya kadi. Ungekuwa na Pi 3 yenye GB 1, au Zero 2 W yenye MB 512, huenda ningekuambia uanzie hapo. Kwa GB 4, Lite ya kawaida ikiwa imetulia hutumia sehemu ndogo tu ya RAM, kwa hiyo unachookoa hakina maana. Na kama ungekuwa na Orange Pi au Banana Pi, mjadala wote huu ungekuwa mwingine: Raspberry Pi OS haiwaki kwenye bodi hizo, ungeenda Armbian. Nalisema kwa sababu madukani zinauzwa kwa jina moja la "Raspberry" kama watu wanavyoita kila dawa ya meno jina la kampuni moja.

Tuingie kazini. Pakua Raspberry Pi Imager kwenye laptopu, chukua toleo jipya, chagua Raspberry Pi 4, kisha Lite ya biti 64, ambayo iko kwenye kundi la mifumo mingine ya Raspberry Pi OS, si ile inayokuja juu kabisa. Kabla ya kuandika kadi, itakupa nafasi ya kuweka mipangilio. Kubali. Ipe seva jina, tuseme `maktaba`, tengeneza mtumiaji na pasiwedi ngumu, chagua saa za Africa/Dar_es_Salaam, na uwashe SSH, njia ya kuiamuru seva kutoka kompyuta nyingine. Ukiruka hapo, utalazimika kutafuta skrini na kibodi. Kisha unaichomeka Pi kwenye ruta kwa waya, unaiwasha, unasubiri dakika mbili tatu, na kutoka Windows 10 unafungua dirisha la amri na kuandika `ssh mwalimu@maktaba.local`. Jina likigoma, ingia kwenye ruta uangalie Pi imepewa anwani gani, kisha palepale kwenye ruta ifunge anwani hiyo isibadilike.

Nimesema kwa waya. Wi-Fi ya ndani ya Pi haikuumbwa kuhudumia darasa zima. Iache ruta ndiyo iwasambazie wanafunzi.

Wikipedia utaiweka kwa Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti. `sudo apt install kiwix-tools`, halafu `kiwix-serve --port=8080` ukifuatia na njia ya faili zako za ZIM (ndimo Wikipedia nzima hufungashwa), na wanafunzi watafungua `maktaba.local:8080` kwenye kivinjari. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, inaingia popote. Ya Kiingereza yenye picha zote inazidi GB 100, kwa hiyo ipakue mjini penye intaneti nzuri na uilete kwenye diski. Hapa watu wengi hukwama: diski au flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Inakataa kunakili na kukupa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, wakati unaona nafasi ipo. Tumia exFAT kwa kubebea, na ext4 kwa diski itakayokaa kwenye Pi. Kwa masomo yenye mazoezi, tazama Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti. Faili za walimu zitakaa kwenye Samba, ambayo Windows inaiona kama folda ya mtandao.

Diski hiyo naomba iwe SSD, ichomekwe kwenye tundu la bluu la USB 3. Diski ya kuzunguka hunywa umeme mwingi inapoanza, na matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 tu. Kuhusu umeme, tumia chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya Pi 4, volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu itaiwasha, itakudanganya wiki nzima, kisha wanafunzi wote wakiingia kwa pamoja itayumba. Ukitaka kujua kama yako inatosha, andika `vcgencmd get_throttled` baada ya siku ya kazi. Ikijibu `0x0`, uko salama. Ikijibu `0x50000`, tangu uiwashe umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango hata kama sasa hivi umetulia.

Sasa lile la kuzuia kadi isiandikwe. Ukishamaliza kila kitu na kuridhika, fungua `sudo raspi-config`, ingia Performance Options, kisha Overlay File System, ambayo mimi naiita kifuniko. Ukiiwasha, mfumo mzima unasomwa kutoka kwenye kadi lakini kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye RAM. Umeme ukikatika, kinachopotea ni yale ya RAM tu. Kadi inabaki kama ulivyoiacha. Hii ndiyo inayoninyima sababu ya kukupeleka Alpine, maana unapata kinga inayokaribia ile ukiwa bado nyumbani kwenye Debian.

Ila kuna mtego, na huu usiusome harakaharaka. Kwa kawaida kifuniko hiki hufunika pia diski nyingine zilizoorodheshwa kwenye fstab, faili inayoiambia Pi diski za kufungua ikiwaka. Walimu wataweka alama, wataziona, kila kitu kitaonekana shwari, na ukizima seva zitatoweka zote. Kwa hiyo kabla ya kuizuia sehemu ya kuwashia isiandikwe, fungua `/boot/firmware/cmdline.txt`, pale palipoandikwa `overlayroot=tmpfs` paandike `overlayroot=tmpfs:recurse=0`, bila kuongeza mstari mpya. Kisha jaribu: hifadhi faili kwenye folda ya walimu, na nyingine kwenye folda yako ya nyumbani ndani ya kadi. Washa upya. Ya walimu lazima iwepo, ya kwako lazima iwe imetoweka. Ikiwa kinyume chake, usimruhusu mtu kuweka alama yoyote mpaka urekebishe. Kolibri nayo huandika maendeleo ya wanafunzi, kwa hiyo folda yake ya data ihamishie kwenye SSD kabla ya haya yote.

Masasisho utayafanya kwa ratiba: mara moja kwa mwezi, ukiwa na bando na umeme wa uhakika, unazima kifuniko, unawasha upya, unaendesha `sudo apt update` na `sudo apt full-upgrade`, unakirudisha. Wapo watakaosema masasisho yawe ya kila siku. Kwa seva inayoonekana kutoka kwenye intaneti nakubaliana nao. Yako imejificha nyuma ya ruta ya shule, na uking'ang'ania kila siku utaishia kuacha kifuniko wazi. Toleo kubwa la Debian likibadilika, kama ilivyokuwa Debian 13 Agosti 2025, usipandishe juu kwa juu. Andika kadi mpya kabisa, jaribu, badilisha. Kwa kuwa data yote iko SSD, ni kazi ya alasiri moja.

Saa nayo. Pi 4 haina betri ya saa. Bila intaneti, ikiwaka baada ya giza la siku mbili itaendelea kutoka saa ya mwisho iliyokumbuka, na faili za walimu zitapata tarehe za uongo. Kuna kipande kidogo cha saa yenye betri, DS3231, kinachouzwa kwa mafundi wa vifaa vya elektroniki; unakichomeka kwenye pini, unaongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`, basi. Ukipenda pia kitufe cha kuzimia kwa adabu, ili mhudumu wa maabara asichomoe waya, ipo `dtoverlay=gpio-shutdown`. Lakini kitufe hicho kwa kawaida hukaa pini ya 5, ambayo saa nayo inaitumia. Nilishawahi kupoteza jioni nzima nikidhani kipande cha saa ni kibovu. Andika `gpio_pin=21` mwishoni mwa mstari huo wa kitufe, ukitenganisha kwa mkato, na uunganishe kitufe pini ya 39 na 40. Kitazima vizuri, kuwasha utachomoa na kuchomeka waya kama kawaida.

Mkuu wa shule akiuliza gharama ya kuiacha iwake usiku na mchana, mpigie hesabu ya wati 5: ni uniti kama 3.6 kwa mwezi. UPS ndogo (betri ya akiba) ni nzuri kuwa nayo, ila zile za bei poa za ruta angalia tundu lake la volti 5 linatoa ampea ngapi. Nyingi hazifiki 3.

Kabla ya kuikabidhi, fanya jambo ambalo moyo utakukataza. Kifuniko kikiwa kimewashwa na nakala ya data iko pembeni, chomoa waya wa umeme ghafla mara kumi, wanafunzi wakiwa wanasoma. Ikiamka mara zote kumi, chomoa kadi, inakili yote kwenye kadi ya pili ya ukubwa uleule, iwashe nayo uone inafanya kazi, kisha itie kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye jina la seva, mtumiaji na pasiwedi, umpe mkuu wa shule aifungie kabatini. Nakala ya alama ikae diski nyingine, isiyokaa chumba kimoja na seva, na iwe inachukuliwa kila Ijumaa.